Somo la leo: intervene, yaani kuingilia kati

Wadau za jioni, leo tuikamate intervene maana naiona inakosewa kila siku mpaka kwenye barua za kiofisi.

Hatua ya 1: ivunje. Ni Kilatini, intervenire, inter ni "kati" na venire ni "kuja", sasa angalia na sisi tunasema kuingilia kati, picha ileile ya mtu anayejipenyeza katikati ya wawili walioshikana mashati, ukishaiona hiyo picha husahau tena.

Hatua ya 2: matamshi. Mkazo uko mwisho, inta-VIIN, Kiswahili kimetuzoesha kukazia silabi ya pili toka mwisho ndo maana wengi tunasema in-TA-vin.

Hatua ya 3, na hapa ndo tunapoangukia wengi. Kwetu "polisi waliingilia ugomvi" iko sawa, ugomvi unakaa palepale baada ya kitenzi, ukiihamisha hivohivo unapata The police intervened the fight na hiyo ni kosa, lazima in iwepo: The police intervened in the fight. Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia bosi wake please intervene my case, nikamwambia usiguse kingine chochote, weka in baada ya intervene halafu tuma.

Hatua ya 4: hata muda unaingia kati. Mmemaliza shule 2005 mkaonana tena 2015, ile miaka ya hapo katikati ndo the intervening years.

MASWALI

Swali: Mwalimu, interfere si ndo hiyohiyo?
Jibu: Hapana kaka. Shangazi akija kuwapatanisha wewe na mkeo hapo ame-intervene, shangazi huyohuyo akianza kuwapangia mpike nini hiyo sasa ni interfere, ndo pale tunapotoa "kati" tunasema "anaingilia mambo yetu". Asili yake Kifaransa cha zamani, maana yake kupigana, na zamani Waingereza waliisema kwa farasi anayegonganisha miguu yake akitembea. Kugongana kumo humo ndani tangu mwanzo!

Swali: Samahani, invent na prevent ni ndugu zake?
Jibu: Ndiyo dada, venire hiyohiyo. Prevent ni kuja kabla, unawahi jambo lisitokee, invent ni kuja ukakikuta kitu.

Swali: Naweza kumtumia rafiki kwenye meseji?
Jibu: Unaweza ila ni nzito kidogo, inanukia ofisi na mahakama. Kwa rafiki aliyekutetea juzi andika thanks for stepping in.