Mambo ya kuzingatia kabla hujaziachia amri nakala zako rudufu

Kabla hujasakinisha chochote, chukua karatasi uandike: faili zipi ukizikosa kesho utaumia, ziko kwenye folda gani hasa, na nakala zake zitakaa wapi. Usiandike "kila kitu". Ukinakili kila kitu, diski inajaa folda za kache na vitu vilivyopakuliwa ambavyo ungevipata tena kwa dakika tano, na siku ya kurejesha hujui pa kuanzia. Chagua unachokihitaji, kisha orodhesha vya kurukwa kwenye faili moja. restic na rsync, programu mbili za kunakili faili nitakazozizungumzia hapa, zinaisoma orodha hiyo: restic kwa `--exclude-file`, rsync kwa `--exclude-from`.

Nakala iliyo kwenye diski ileile si nakala. Iliyo kwenye chumba kimoja na kompyuta inasaidia kidogo, lakini mwizi akiingia anabeba vyote. Angalau nakala moja ikae mbali.

Pima nafasi kwa `du -sh` kwenye chanzo na `df -h` kwenye diski ya kupokea. Historia ya mabadiliko nayo inakula nafasi, kwa hiyo usinunue diski inayotosha kwa leo tu.

Kwenye kusakinisha kwenyewe hakuna kazi kubwa. restic na Borg, programu nyingine ya nakala, zipo kwenye maghala ya programu ya Linux nyingi, na kwenye Mac zinapatikana kwa Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyingine. Angalia toleo tu. Ukisakinisha toleo la zamani kwenye kompyuta moja na jipya kwenye nyingine, unaweza kukwama: restic 0.14 ya mwaka 2022 ilileta muundo mpya wa hazina (mahali inapoziweka nakala) wenye kubana data, na toleo lililotangulia haliwezi kuufungua. Andika `restic version` kwenye kila kompyuta utakayoitumia, pamoja na ile utakayorejeshea.

Kabla hujachagua programu, jiulize kama unataka kioo au unataka historia. rsync, iliyoanza mwaka 1996, ni kioo. Inaufanya upande wa pili ufanane na wa kwanza, na inafanya hivyo vizuri kuliko programu nyingi nilizowahi kutumia. restic na Borg zinatunza historia: kila ukiziendesha zinaweka picha ya hali ya siku hiyo, na picha za jana na juzi zinabaki. Sikuitilia maanani tofauti hii hadi iliponigharimu, na iliyemgharimu zaidi ni mtu aliyeniamini.

Nilikuwa natunza rekodi za sauti za mwenzangu wa kazi. Yalikuwa mahojiano aliyoyakusanya kwa miaka minne, faili 212. Zilikaa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva ndogo, ikipachikwa (mount), yaani yaliyomo yakionekana, kwenye folda ya `/mnt/sauti`. Kila usiku amri moja ilizipeleka kwenye kompyuta ya pili, jengo jingine:

`rsync -av --delete /mnt/sauti/ akiba:/nakala/sauti/`

Hiyo `--delete` niliiweka mwenyewe, tena kwa sababu niliyoiona ya maana. Mwenzangu alikuwa na tabia ya kubadilisha majina ya faili, na bila hiyo upande wa pili ulikuwa unajaa sauti moja kwa majina mawili matatu. Ikafanya kazi zaidi ya mwaka mzima. Mara mojamoja nilikuwa naingia, naona majina yanalingana pande zote, natoka nimeridhika.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, seva ikajiwasha yenyewe. Diski ile ilikuwa imeshaanza kuchoka, na mkatiko ule ukaimaliza. Haikupachikika. Kwenye `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa kompyuta ikiwaka, nilikuwa nimeiwekea `nofail`, kwa hiyo seva haikusimama kudai diski yake. Iliwaka kama kawaida. Folda ya `/mnt/sauti` nayo ilikuwepo palepale, maana folda ya kupachikia ni folda kama folda nyingine, ila ndani hamkuwa na kitu. Saa nane usiku ratiba ikaamsha rsync. rsync ikatazama chanzo, ikakuta tupu. Ikatazama nakala, ikakuta faili 212 ambazo chanzo hakina. Ikafanya nilichoiagiza.

Asubuhi nilifungua logi. Mstari wa kwanza wa kazi ya usiku ule ulisomeka `deleting mahojiano_212.wav`. Chini yake `deleting mahojiano_211.wav`. Nikashuka, nikashuka, mpaka `mahojiano_001.wav`, kisha mstari wa mwisho: `total size is 0  speedup is 0.00`. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kwa hesabu ya kompyuta, kazi ilikuwa imefanikiwa.

Lielewe vizuri jambo hili, maana wengi nikiwasimulia hunipa pole kwa bahati mbaya. Kilichoua chanzo ndicho kilichofuta nakala. Diski ilikufa, kwa hiyo chanzo kikaonekana kitupu, kwa hiyo nakala ikafutwa ifanane nacho. Mpangilio niliouweka ulikuwa na uhakika wa kuharibika katika usiku uleule ambao ungehitajika. Kwa mwaka mzima ulionekana mzima kwa sababu tu hakuna siku uliyohitajika.

Diski tuliipeleka kwa fundi, hakutoa kitu. Kwenye kompyuta ya pili kazi nyingine zilikuwa zimeshaandika juu ya nafasi ya faili zilizofutwa. Tulipata mahojiano 11, yale ambayo mwenzangu aliwahi kumtumia mtu kwa barua pepe. Mengine yalikwenda moja kwa moja, na baadhi ya waliohojiwa walikuwa wameshafariki.

Basi fanya haya. Kama chanzo au nakala iko kwenye diski ya kupachikwa, amri ya kwanza kwenye skripti yako iwe `mountpoint -q /mnt/sauti || exit 1`. Diski haipo, kazi haianzi. Kama ni lazima utumie `--delete`, iwekee kikomo: `--max-delete=20` inaizuia rsync kufuta zaidi ya faili 20, na ikifika hapo inamaliza kwa namba ya kosa 25, hivyo skripti yako inaweza kupiga kelele. Ongeza `--backup` na `--backup-dir` ili kinachofutwa kihamishiwe pembeni badala ya kutoweka. Na kwa vitu visivyopatikana tena, tumia programu yenye historia. Usiku mtupu ule ungezalisha picha moja tupu kwenye restic, na picha ya jana yake ingekuwa salama.

Hata hivyo usilale. Ukiiambia restic itunze siku saba tu, picha saba tupu zitazisukuma nje zile nzima zote, na utakuwa umefika nilikofika mimi kwa kuchelewa wiki moja. Tunza na za wiki na za miezi: `restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12`. Ujue pia kwamba `forget` peke yake hairudishi nafasi. Nafasi inarudi kwa `prune`.

Amri yoyote ya rsync, ijaribu kwanza kwa `-n`. Inakuonyesha itakachofanya bila kukifanya. Soma matokeo, usiyapitishe macho tu. Utaona pia kama umekosea mkwaju wa mwisho: kwa folda iitwayo picha, `picha/` inapeleka yaliyomo ndani, `picha` inapeleka folda yenyewe.

Neno la siri. restic na Borg husimba data, yaani huifunga isisomeke bila neno la siri, na ukilipoteza neno la siri hakuna mlango wa nyuma wala mtu wa kumpigia simu. Watu hulitunza kwenye faili ndani ya kompyuta ileile wanayoinakili, halafu kompyuta ikifa wanabaki na nakala nzima isiyofunguka. Liandike kwenye karatasi, likae kwingine. Kwa Borg, ukichagua usimbaji wa aina ya `keyfile`, neno la siri pekee halitoshi: ufunguo wenyewe unakaa `~/.config/borg/keys` kwenye kompyuta yako. Utoe kwa `borg key export` uuweke mahali pengine siku hiyohiyo unayounda hazina, si wikiendi ijayo.

Hifadhidata usiinakili ikiwa inafanya kazi. Faili zake zinabadilika wakati unazisoma, na utabeba kitu chenye mwanzo wa saa hii na mwisho wa saa nyingine. Itoe kwanza kwa `pg_dump` (kwa PostgreSQL) au `mysqldump` (kwa MySQL), kisha nakili faili iliyotoka.

Ratiba ina mitego yake. Cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nane usiku inaandikwa 2. Nimeona mtu kaandika 8 akidhani ameweka usiku, kumbe kazi yake inaanza asubuhi watu wote wakiwa kwenye kompyuta. Cron pia haibebi mazingira ya terminali yako: haijui njia zako wala neno la siri uliloliweka kwenye kigezo. Andika njia kamili ya programu, na elekeza `RESTIC_PASSWORD_FILE` ndani ya skripti yenyewe. Alama ya `%` ndani ya crontab, yaani faili ya ratiba ya cron, inageuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` iliyofanya kazi vizuri kwenye terminali itavunjika pale. Iweke ndani ya skripti, crontab iiite skripti tu.

Na matokeo nani anayaona? Cron hutuma ripoti kwa barua ya ndani ya kompyuta, ambayo kwenye mashine nyingi haifiki popote. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhia watu misimbo ya programu zao, walifuta hifadhidata yao kuu kwa makosa, wakaenda kwenye nakala, wakakuta hakuna. `pg_dump` iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikigoma. Na barua pepe za kuwaarifu zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, na bado wakapoteza data ya saa hizo sita. Kama hilo limewapata watu ambao kazi yao ni hiyo, wewe usiamini ukimya. Panga upate ujumbe kazi ikifaulu, ili siku usipoupata ujue. Soma na namba ya kumalizia: restic ikitoa 3, maana yake picha imewekwa lakini kuna faili ilishindwa kuzisoma.

Kurejesha kufanyie mazoezi kabla hujahitaji. `restic check` ya kawaida inakagua mpangilio wa hazina tu; ongeza `--read-data-subset=10%` ili isome na data yenyewe. Kisha chukua kompyuta nyingine, isiyo na mipangilio yako, na karatasi yako ya neno la siri. Sakinisha programu, rejesha folda moja, fungua faili. Sikiliza sauti, tazama picha, usihesabu majina ya faili kama nilivyokuwa nahesabu mimi. Utagundua kitu kinakosekana. Mara ya kwanza huwa kinakosekana.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Usibandike amri usiyoielewa. Usitumie `sudo`, inayoipa amri mamlaka ya msimamizi, kwa mazoea. Usisafishe diski ukiwa umechoka au una haraka ya kutoka. Ukiona `restic unlock`, ya kuondoa kufuli la hazina, inapendekezwa, hakikisha kwanza hakuna kazi nyingine inayoendelea kwenye hazina hiyo. Na ukiwa na terminali mbili wazi, moja ya chanzo na moja ya nakala, zipe rangi tofauti, na kabla ya amri yoyote inayofuta andika `hostname`, ikutajie jina la kompyuta uliyopo, soma jibu, ndipo uendelee.