Dawa mbili baada ya kiharusi: uliza ni hadi lini

Mume wangu alipopata kiharusi kidogo, kikombe kilimponyoka na mdomo ukapinda. Tulipofika hospitali alishaanza kuongea vizuri, akataka turudi nyumbani. Nashukuru nilikataa. Picha ya CT ilionyesha hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo, na siku hiyohiyo akaanzishiwa aspirini na klopidogreli. Kabla ya picha, usimpe mgonjwa aspirini: kwa macho huwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka.

Dawa hizi huzuia chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zisigandamane, kila moja kwa njia yake. Kiharusi hupenda kurudi siku za mwanzoni, ndiyo maana huanzwa mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Siku ya kwanza alimeza klopidogreli miligramu 300 kwa mkupuo, kisha 75 kila siku pamoja na aspirini.

Sasa lililo kubwa. Muulize daktari: "Hizi mbili ni hadi lini?" Sisi tuliambiwa siku 21, kisha abaki na aspirini peke yake. Wengine, kama wenye mshipa wa ndani ya kichwa uliobana sana, huweza kupewa siku 90. Nilizungushia tarehe yetu wino mwekundu kwenye kalenda. Katika utafiti wa CHANCE uliofanyika China, uliotoka 2013, waliopata kiharusi tena ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 8.2 kwa dawa mbili, na 11.7 kwa aspirini pekee. Lakini faida hiyo iko zaidi wiki za mwanzo, na hatari ya kutokwa damu haiishi mgonjwa akiendelea na zote mbili. Kwa hiyo usirefushe mwenyewe, wala usikatishe mwenyewe.

Akisahau dozi, asimeze mbili kesho yake kufidia. Kila anayemwandikia dawa aambiwe, hata daktari wa meno. Omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, hupunguza nguvu ya klopidogreli. Tulipohitaji dawa ya tumbo tulipewa pantoprazoli. Ibuprofeni ya maumivu tuliiondoa kabisa.

Michubuko midogo mikononi ilinitisha bure. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu: hapo ni hospitali mara moja.

Asubuhi ya siku ya 22, baada ya kumpigia daktari kuhakikisha, nilitoa klopidogreli kwenye kisanduku chake. Aspirini na dawa ya presha zikabaki.