Kupima zebaki kwenye maji, shughuli iko kwenye chupa

Watu wakisikia kupima zebaki wanawaza mashine, kumbe mashine ndo sehemu rahisi bana, sampuli ikishaharibikia mtoni hakuna mtambo wa kuiokoa.

Tuseme unachukua maji mtoni, chini ya mialo, yaani sehemu wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu, kule Geita. Chupa iwe ya glasi au teflon, imeoshwa kwa asidi na kufungwa kwenye mifuko miwili. Hizi chupa za maji ya dukani achana nazo, mvuke wa zebaki unapenya plastiki. Mnaenda wawili: mmoja anaitwa mikono michafu, yeye anabeba begi na kufungua mfuko wa nje, mwenzie mikono misafi anagusa mfuko wa ndani na chupa tu, hata pua ikimuwasha avumilie. Simama ukiangalia maji yanakotoka, usitibue tope maana zebaki kibao imelala humo, na usipumulie chupa, kama una jino limezibwa na ile dawa ya rangi ya fedha basi pumzi yako yenyewe ina zebaki, sitanii. Halafu beba maji safi ya maabara, yamimine kwenye chupa nyingine palepale mtoni, hiyo ndo blanki, inakuonyesha zebaki iliyotoka kwenye chupa na mikono yenu, siyo mtoni. Mi niliwahi kuiruka nikiwa na haraka, safari nzima ikawa bure.

Maabara unaweka bromini kloraidi, kemikali ya njano inayogeuza zebaki yote iwe ya aina moja, mililita 5 kwa lita, rangi ya njano ikipotea unaongeza mpaka ibaki, unaacha usiku kucha. Kesho yake haidroksilamini kidogo kuua hiyo njano, kisha stanasi kloraidi, hapo zebaki inageuka mvuke na unaipuliza kwa gesi ya agoni mpaka kwenye mchanga uliopakwa dhahabu inanasa. Mtoni mchimbaji anatumia zebaki kukamata dhahabu, huku sisi tunatumia dhahabu kukamata zebaki! Unachoma mchanga, mvuke unaenda kwenye mashine inayosoma mng'ao wake kwenye nanomita 253.7.

WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa maji ya kunywa wameweka mikrogramu 6 kwa lita, yaani nanogramu 6,000, na njia hii inashuka mpaka chini ya nanogramu 1 kwa lita. Kwa hiyo sampuli ikisoma nanogramu 8 na blanki ikasoma 7, usiandike ripoti, karibu zebaki yote hiyo ni ya kwenu siyo ya mto, osha chupa upya mrudi mtoni.