Kuomba mafunzo ya upasuaji wa saratani Marekani: kamati zinavyochagua, na namna ya kupanga orodha yako

Daktari mmoja kijana anayemalizia miaka 5 ya upasuaji wa jumla hapa Marekani aliniomba nimsaidie kuomba ubingwa bobezi wa upasuaji wa saratani. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na wengi kutoka nyumbani, kwa hiyo nayajibu hapa. Nazungumzia mafunzo ya miaka 2 ambayo ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya ubingwa Marekani, imekuwa ikiyaidhinisha tangu 2012, yale yanayokufungulia mlango wa mtihani wa bodi ya upasuaji.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili

Soma masharti ya kila programu kabla hujalipa ada. Aliyesomea ubingwa wa upasuaji Muhimbili au Makerere pekee mara nyingi hukwama hapa, kwani kwa kawaida hutakiwa uwe umemaliza programu iliyoidhinishwa, kama zile za Marekani au Kanada. Kama nia yako ni saratani za viungo vya uzazi vya wanawake, tazama Eldoret kwanza: Chuo Kikuu cha Moi kilijenga mafunzo yake kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto.

Hatua ya 2: Barua za mapendekezo

Mafaili yanayofika mbele ya kamati hufanana. Alama za ABSITE, mtihani wa kila mwaka wa wanaosomea upasuaji, ni nzuri, machapisho yapo, na wengi wametenga mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya utafiti. Barua ndiyo huwatenganisha. Fani hii ni ndogo, mabingwa wanajuana na hupigiana simu, kwa hiyo angalau barua moja itoke kwa bingwa wa upasuaji wa saratani. Ila kati ya mkuu wa idara mwenye jina kubwa asiyekufahamu na daktari wa kawaida aliyekuona ukitoa uvimbe wa kongosho kwa mikono yako, mimi humchagua huyo wa pili bila kusita. Atakuwa na mambo mahususi ya kuandika.

Hatua ya 3: Fomu

Jaza ERAS, yaani mfumo wa maombi wa mtandaoni, ambatisha nyaraka, lipa.

Hatua ya 4: Usaili

Watakuchimba kuhusu utafiti wako: swali lilikuwa nini, sehemu yako ilikuwa ipi, kwa nini mlichagua njia ile. Usiorodheshe kazi usiyoweza kuitetea. Nawe uliza: upasuaji wa ini hapa anaufanya nani, mwanafunzi wa programu hii au wa programu nyingine mnaogawana nayo wagonjwa? Jioni ile ile andika kwa kalamu kile ulichokiona. Majedwali ya kuzigawia programu pointi siyapendi. Huficha kile ambacho moyo umeshakiamua.

Hatua ya 5: Orodha ya upendeleo

Hapa ndipo watu hupoteza usingizi, tena kwa kutoelewa mashine inavyofanya kazi. Wewe unazipanga programu, programu zinawapanga waombaji, kisha kompyuta ya NRMP, shirika linaloendesha upangaji huu, inaoanisha.

Kompyuta huanza na chaguo lako la kwanza. Kama programu hiyo imekuorodhesha na ina nafasi, unashikiliwa kwa muda. Akija mwombaji ambaye programu imemweka juu yako na nafasi zimejaa, unaachiwa, na kompyuta inakupeleka kwenye chaguo lako la pili. Huko unapimwa kwa orodha ya programu hiyo tu, sawasawa na kama ungeiweka ya kwanza. Hata kama nafasi imeshashikiliwa na mwingine, ukiwa juu yake kwenye orodha yao, yeye ndiye anayeachia.

Maana yake, kuanza na programu ya ndoto yako hakukupunguzii nafasi kwingine. Ukitanguliza programu unayodhani ni rahisi na ikakuchukua, ile uliyoitaka zaidi haitaulizwa kabisa, hata kama ilikuweka juu. Panga kwa upendeleo wako wa kweli.

Kuna tahadhari zake. Matokeo yanafunga pande zote mbili, kwa hiyo usiandike programu ambayo usingekwenda. Unazoweza kwenda, ziandike zote. Orodha ndefu haikudhuru, na programu nyingi huwa na nafasi chache mno. Barua pepe tamu baada ya usaili si ahadi, usipange orodha kwa kuifuata. Programu hairuhusiwi kukuuliza umeiweka nafasi ya ngapi. Ikikuuliza, huwajibiki kujibu. Mwisho, kuhifadhi orodha si kuithibitisha. Ithibitishe kabla ya muda kufungwa, na ukibadilisha hata mstari mmoja, ithibitishe upya.

Hatua ya 6: Matokeo

Ukikosa, omba siku hiyo hiyo uone programu zilizobaki na nafasi, na mtume mkurugenzi wa programu unayomalizia apige simu. Ukipata na una J-1, viza ya wanaokuja kwa mafunzo, wasiliana mapema na ECFMG, shirika linalowadhamini madaktari kwa viza hiyo, kuhusu kuiendeleza, na kumbuka sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 ukimaliza, isipokuwa upate msamaha.