Somo: Kuihamisha tovuti ya Drupal 7 bila kupoteza kumbukumbu za jumuiya

Assalamu alaykum wanachama wote wa Unguja na Pemba. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza na kutunza tovuti za jumuiya zetu kadhaa imetoa taarifa kwamba haitazihudumia tena zile zilizojengwa kwa Drupal 7, yaani toleo la saba la programu ya kujengea na kuendesha tovuti iitwayo Drupal, na makatibu wengi wameingiwa na wasiwasi. Uamuzi huo una sababu ya haki. Toleo hilo lilitoka Januari 5, 2011, na baada ya tarehe ya mwisho kusogezwa mbele zaidi ya mara moja, jumuiya ya Drupal yenyewe, yaani watu wanaoitengeneza programu hiyo, iliacha kulitolea marekebisho ya usalama Januari 5, 2025. Tovuti haikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa inaendelea kufunguka kama kawaida huku kila tundu jipya likibaki wazi.

Itafaa tukumbuke yaliyotokea Oktoba 15, 2014, ilipotangazwa kasoro kubwa katika namna Drupal 7 inavyozungumza na hifadhidata, yaani ghala la maandishi na taarifa zote za tovuti. Kikosi cha usalama cha Drupal kilieleza baadaye kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo hilo ihesabiwe kuwa imekwishaingiliwa. Wakati ule dawa ilitolewa siku hiyo hiyo, bure, kwa kila mtu. Leo likizuka jambo la namna hiyo, jumuiya ya Drupal haitatoa dawa tena kwa toleo hili.

Drupal ni programu huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kutuzuia kuichukua tovuti yetu na kuipeleka kwa fundi mwingine. Haki hiyo, hata hivyo, haina kazi ikiwa funguo zote ziko kwa kampuni, na ndiyo maana naanza na funguo kabla ya mambo ya kiufundi.

Hatua ya kwanza: kusanyeni funguo. Muulizeni msajili wa domeni, yaani wa jina la tovuti, jina hilo limeandikwa kwa nani, na likiwa limeandikwa kwa jina la fundi, ombeni lihamishiwe jumuiya kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha takeni neno la siri la seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na la akaunti namba 1 ndani ya Drupal, ambayo ndiyo yenye mamlaka yote.

Hatua ya pili: chukueni bakapu kamili, yaani nakala ya akiba. Vitu ni vitatu: hifadhidata, folda ya sites/default/files yenye picha na nyaraka, na programu yenyewe pamoja na faili la settings.php lenye mipangilio yake. Kwa anayetegemea bando la simu, folda ya picha za miaka mingi ni mzigo mzito, kwa hiyo ibaneni kwanza kwenye seva iwe faili moja, kisha mtumie programu ya kupakua inayoweza kuendelea ilipoishia umeme au mtandao ukikatika. Bakapu hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mpaka tovuti ionekane inafanya kazi, kisha nakala moja ikae Chake Chake na nyingine Unguja.

Hatua ya tatu: chagueni njia. Njia ya kwanza ni kuhamia toleo jipya la Drupal. Tangu Drupal 8 ilipotoka Novemba 2015, mfumo wa ndani ulijengwa upya juu ya programu nyingine ziitwazo Symfony na Twig, kwa hiyo moduli (vipande vya nyongeza) na mapambo ya Drupal 7 hayafanyi kazi huko, na yanayohama ni maudhui tu kuingia katika tovuti mpya iliyo tupu. Njia nyingine ni Backdrop, mradi huria uliochipuka kutoka Drupal 7 na kutoa toleo lake la kwanza Januari 2015, ambao unaweza kuipokea hifadhidata ya zamani na kuipandisha moja kwa moja. Kwa maoni yangu, tovuti ndogo ya ushirika itapata nafuu zaidi kwa Backdrop, ilhali chuo au taasisi yenye waandishi wengi na lugha zaidi ya moja inafaa kuingia Drupal 11, iliyotoka Agosti 2024. Hiyo inahitaji seva yenye PHP, lugha ya programu inayoendesha Drupal, toleo la 8.3 au zaidi. Mwenye seva aulizwe mapema.

Hatua ya nne: hamisheni kwa nakala, si kwa tovuti iliyo hewani. Kwenye Drupal 11, washeni moduli za Migrate, ambazo ni za kuhamishia maudhui, fungueni ukurasa wa /upgrade, na muandike taarifa za hifadhidata ya zamani. Mfumo huisoma bila kuibadilisha, lakini kabla ya kuanza huonesha orodha ya moduli zenye njia ya kuhamia na zisizo nayo. Orodha hiyo isomwe taratibu, kwa sababu kilichoandikwa kwamba hakitahama hakitahama.

Baadaye kagueni kwa macho. Mimi hutafuta ukurasa wenye neno Ng'ambo na ukurasa wenye herufi za Kiarabu, kwa kuwa usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozihifadhi, ukikosewa, alama ile baada ya Ng hugeuka vijidude visivyosomeka, na jina la marehemu lililoandikwa kwa Kiarabu hubaki alama za kuuliza tupu. Kagueni pia nyaraka ambazo majina ya mafaili yake yana alama hiyo.

Hatua ya tano: anwani za kurasa zibaki zile zile, na isipowezekana, wekeni maelekezo ya kudumu, yanayojulikana kwa namba 301, yanayompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Ndipo muelekeze domeni kwenye seva mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Maalim, tovuti yetu ina picha za mashamba ya mwani na mihtasari ya mikutano tu. Nani atahangaika kutuingilia?

Jibu: Dada yangu, hakuna anayewachagua. Programu hupita tovuti zote zikitafuta zenye tundu, kwa sababu kinachotakiwa ni seva yenu, itumike kutuma barua taka au kuficha kurasa za utapeli. Barua pepe za ushirika zitaanza kukataliwa na wanunuzi wenu kabla hamjajua kilichotokea.

Mwanachama, Mjini Unguja: Hatuna fedha za kuhama mwaka huu, na hakuna tena anayeandika humo. Tufanyeje?

Jibu: Igeuzeni kuwa kurasa tuli za HTML, yaani mafaili ya kusomwa tu yasiyohitaji Drupal, kisha muiondoe Drupal kwenye seva. Fomu na utafutaji vitakoma, lakini kumbukumbu zitasomeka, na hakutakuwa na programu ya kuingiliwa.

Mwanachama, Mkoani: Fundi aliyeijenga hapatikani, na domeni iko kwa jina lake.

Jibu: Ndugu yangu, nendeni kwa msajili na cheti cha usajili wa jumuiya, barua yenye muhuri iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu, na risiti za malipo ya miaka iliyopita. Uliza tarehe ya mwisho ya domeni, kwani ikipita mtu mwingine anaweza kuisajili. Wakati mnasubiri, pakueni kila ukurasa na kila waraka unaoonekana hadharani, mkianza na mihtasari ya mikutano mikuu.