Ndugu Wanapokutana Likizo: Namna ya Kuziweka Simu Pembeni na Kuwarudisha Watoto Kwenye Michezo

Kila Desemba, shule zinapofungwa, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazopanda kwenda kula Krismasi kwa wazee. Ndugu waliotawanyika mwaka mzima hukutana kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa siku chache tu, na kwa watoto wengi hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuwajua binamu zao. Hata hivyo, mara tu salamu zinapokwisha, mtoto wa mjini hujikunja kwenye kochi na kishikwambi chake, mwenzake wa kijijini husimama nyuma ya bega lake akichungulia, na huko barazani wakubwa nao kila mmoja ameinamia kioo chake. Siku hizo ni chache mno kupotea namna hiyo. Mwongozo huu unahusu mikusanyiko ya aina hiyo, na unafaa vilevile kwa Idd, kwa arusi au kwa Jumapili ya kawaida.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachotutenganisha. Televisheni zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, nyumba yenye runinga ilikusanya watoto wa mtaa mzima, wakakaa sakafuni wakicheka pamoja na kubishana pamoja. Simu janja imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja: kioo chake ni kidogo, sauti yake huingia masikioni mwa mwenye nayo peke yake, na video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, kwa hiyo mtoto hafiki mahali ambapo angeinua macho na kuuliza wenzake wako wapi. Ndiyo maana naona kioo kimoja kinachotazamwa na watu kumi, kwa mfano wakati wa mechi ya Taifa Stars, hakina madhara sawa na vioo kumi vinavyotazamwa na watu kumi.

Maandalizi yaanze kabla ya safari. Kundi la ukoo la WhatsApp ambamo hujadiliwa michango ya mbuzi na usafiri ndimo pia pa kukubaliana kuhusu simu, na neno hilo lisemwe na babu, bibi au kaka mkubwa, kwa sababu mkwe au mgeni akilisema litachukuliwa kuwa ni dharau hata kama ni la haki. Makubaliano yawe mafupi: simu zipumzike tangu chakula kinapopakuliwa hadi vyombo vinapotolewa, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12. Sharti la siku nzima halitekelezeki, na likivunjwa siku ya kwanza hakuna atakayeliheshimu siku ya pili.

Tengeni mahali pa kuziweka, kama vile kapu juu ya kabati la sebuleni, karibu na soketi ya kuchajia. Muuguzi aliye kwenye zamu, mwenye mgonjwa au mfanyabiashara anayesubiri mzigo aongeze sauti ya mlio, simu yake ikiita aende pembeni kuzungumza, kisha airudishe kapuni. Wakubwa ndio watangulie kuziweka. Mtoto anayeambiwa aache kishikwambi na baba ambaye mwenyewe anaperuzi hasikii kingine chochote zaidi ya kwamba ameonewa, na ukweli ni kwamba ameonewa.

Kwa watoto, usinyakue. Mpe taarifa dakika 10 kabla, mwache amalize raundi aliyo nayo, kisha akabidhi mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto asiyetimiza miaka 2 asiwekwe kabisa mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Unataka pia watoto wa mwaka 1 hadi 4 wachangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku nzima. Kwa walio na miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya nguvu ya wastani hadi makali. Kwa hiyo mtoto mdogo anayekataa tonge mpaka awekewe katuni asisubiri likizo ndipo aachishwe. Anzeni nyumbani mapema, mlo mmoja baada ya mwingine.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwani huchukua simu bila kuleta kitu mahali pake. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye geti hajawahi kufundishwa michezo, na kumwambia tu atoke nje akacheze hakumsaidii. Mkubwa mmoja, shangazi au mjomba mwenye magoti mazima, atoke naye na acheze mzunguko wa kwanza.

Kwa watoto wa umri mchanganyiko, hakuna mchezo ninaoupenda kama kombolela. Mmoja hulinda kopo huku wenzake wakijificha migombani, anayeonekana hutajwa jina na kushikwa mateka, lakini yeyote atakayenyata hadi kwenye kopo na kulipiga teke huku akipaza sauti “kombolela!” huwakomboa wote. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuwaokoa binamu zake wa miaka 13, na jioni hiyo watajua jina lake. Rede inahitaji mpira wa soksi na chupa tupu: wawili wanarushiana mpira, na wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mvua ikinyesha kuna mdako, na kuna drafti ya vizibo vya soda ambayo babu anaiweza kuliko wote. Kanuni hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, kwa hiyo waacheni watoto wabishane na kuafikiana wenyewe. Kazi ya mkubwa ni kuhakikisha uwanja uko mbali na barabara, kisima na moto wa jikoni.

Jambo moja linasahaulika: msiwarekodi. Watoto wakielekezewa kamera huacha kucheza, wakaanza kuigiza kuwa wanacheza. Mtu mmoja apewe kazi ya kupiga picha kwa wakati uliopangwa, kisha azitume kwenye kundi usiku.

Simu ina kazi zake za heshima pia. Ndugu aliye ughaibuni apigiwe kwa video simu ikiwa imeegemezwa mezani, wote wakiwa wameketi kuizunguka, na bibi arekodiwe akitaja majina ya waliomtangulia, maana kumbukumbu hiyo haiko kwingine.

Mkirudi mjini, endeleeni na kapu wakati wa chakula cha usiku. Kwa wanaoishi nyumba za kupanga zisizo na uwanja, zungumzeni na wapangaji wenzenu mchague jioni mbili za wiki, mzazi mmoja akae nje kuwaangalia watoto wote kwa zamu, na kopo la kombolela lihifadhiwe mlangoni kwa mwenye zamu.