Kutunza tangi la maji taka katika ardhi ya matumbawe: mwongozo kwa wenye nyumba wa Malindi

Wengi wetu hapa Malindi hulikumbuka tangi la maji taka siku choo kinapokataa kushuka. Penye udongo mzito, uzembe huo humwumbua mwenyewe upesi, kwa kuwa maji yakikosa pa kwenda hurudi juu. Kwetu sivyo. Chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe wenye mianya, na shimo la kufyonzea maji ya tangi, hata likiharibika, laweza kuendelea kunywa maji kwa miaka mingi bila dalili yoyote uani, huku uchafu ukiteremka hadi kwenye maji ya kisima, pengine kisima cha jirani. Ndiyo maana kungoja dalili hakufai, na kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kupima.

Ndani ya tangi vitu hujitenga vyenyewe. Vizito hutuama na kuwa tope, mafuta huelea na kufanya utando, na maji ya katikati hupita kwenda chumba cha pili, kisha kwenye shimo la kufyonzea. Vijidudu vilivyomo hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Tope na utando vikizidi, maji hayapati muda wa kutulia, na uchafu hupenya hadi shimoni, ambako huziba kuta au, katika mwamba wetu, hupita moja kwa moja.

Kupima kunahitaji ufito mrefu kuliko kina cha tangi, kitambaa cheupe kikuukuu (kipande cha kanzu iliyochakaa hufaa sana) na kamba. Funga kitambaa kwenye sehemu ya chini ya ufito, kiasi cha mita moja, kisha uushushe taratibu kupitia mdomo wa ukaguzi wa chumba cha kwanza mpaka uguse sakafu. Ungoje dakika mbili tatu, uutoe polepole bila kuutikisa. Sehemu iliyoshika weusi mzito ndiyo kimo cha tope. Kwa utando, pigilia kibao kidogo kwenye ncha ya ufito mwingine, utoboe utando, kisha uvute juu kidogo mpaka uhisi kibao kimekwama chini yake; kutoka kibao hadi uso wa utando ndio unene wake. Tuseme tangi lina maji ya sentimita 150, tope ni 40 na utando ni 10: jumla ni 50, yaani theluthi moja, na hapo ndipo pa kuita gari la kunyonya. Familia ya kawaida hufika hapo baada ya miaka mitatu hadi mitano, ingawa nyumba yenye wageni wengi huwahi. Andika tarehe na vipimo. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya.

Wakati wa kupima, fungua kifuniko na usimame kando, usiinamie mdomo, wala usivute sigara. Mtu asiingie ndani ya tangi kwa sababu yoyote, hata kama ni tupu. Hewa yake ina gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kisha humwangusha mtu ghafla. Na anayeruka ndani kumwokoa mwenzake huanguka vilevile.

Jikoni ndiko maradhi mengi ya tangi yanakoanzia. Machicha ya nazi, mafuta yaliyokaangiwa samaki na magamba hayapaswi kumwagwa kwenye sinki. Machicha hasa huelea, hushikana na mafuta, na kufanya utando mgumu kama ubao. Taulo za hedhi na nepi ziende kwenye pipa. Dawa ya klorini kidogo ya kusafishia haidhuru, lakini kumimina chupa nzima huua vijidudu vinavyofanya kazi. Unga na dawa zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza tope mimi sizinunui, kwa kuwa choo chenyewe huleta vijidudu vya kutosha.

Unapoita gari, omba uone leseni ya kusafirisha taka ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na uulize linakomwaga, maana tope likimwagwa kichakani au mkondoni litakurudia. Tuna nafuu kuliko wenzetu wa mji wa kale wa Lamu, ambao vichochoro vyao havipitishi lori, basi tusijenge ukuta unaoziba njia ya mpira wa kunyonyea. Tangi la plastiki lisinyonywe lote wakati wa masika, maji ya ardhini yanapopanda, kwani laweza kuelea na kuvunja mabomba. Maji ya paa nayo yaelekezwe mbali na shimo.

Kuhusu kisima, mita 30 kutoka shimoni hutajwa sana kama umbali wa chini, lakini katika mwamba wenye mianya hata huo hautoshi kuwa dhamana. Maji ya kisima cha uani yapelekwe maabara mara moja kila mwaka, baada ya mvua za Mei, na yale ya kunywa yachemshwe mpaka majibu yarudi.